Rangi ya Kula

Shangazi yangu aliniletea kazi niliyodhani itanichukua dakika kumi. Hutengeneza ubuyu nyumbani kwake Ng'ambo, Unguja, na mwenye duka mmoja wa mjini alikubali kumpokelea vikopo arubaini kwa wiki, kwa sharti kila kikopo kiwe na lebo inayotaja kilichomo. "Wewe ndiye mwenye maneno," akaniambia. "N'andikie." Nikaketi naye jikoni, nikaanza: ubuyu, sukari, maji, iliki, pilipili manga, vanila. Nikafika kwenye kile kinachowaachia watoto wa mtaa ulimi mwekundu mpaka magharibi, kile kinachowafanya watoleane ndimi kuonyeshana nani kakolea zaidi, na hapo kalamu ikasimama.

"Na hii niandikeje, shangazi?"

"Andika rangi."

Nikaandika. Kisha nikalitazama neno lile limekaa peke yake mwisho wa orodha, nikaona halisemi kitu. Kwa miaka mingi riziki yangu imekuwa kutafutia maneno ya Kiswahili mambo yaliyobuniwa kwingine: mashine, sheria, magonjwa. Leo kitu kiko ndani ya sufuria ya shangazi yangu, nimekila tangu sijaota meno ya pili, na jina lake sina.

Rangi ni neno lililotufikia kwa bahari. Waajemi husema *rang*, Wahindi vilevile, nasi tukaliongezea irabu ya mwisho likakaa kama mzaliwa. Tukalipa na kazi nyingi. Rangi ni wekundu wa kanga uionayo kambani, na rangi ni kile kilichomo kwenye ndoo ya mpaka ukuta. Kuna rangi ya kucha, ya viatu, ya ukili, ya ngozi ya mtu. Kile jicho linachokiona, na kile mkono unachokitia ili jicho lione, vyote tumevibebesha neno moja. Fundi wa nyumba hapati hasara kwa hilo. Mpishi anaipata. Mgeni anayeinama juu ya sinia na kusema, "Nimeipenda rangi ya chakula hiki," anasifu namna wali ulivyoiva. Mtoto anayetumwa akanunue rangi ya chakula ya mia tano atarudi na unga uliofungwa kwenye karatasi. Ile "ya" ndogo ya katikati haisemi kama rangi imetoka ndani ya chakula au imeingia kutoka nje, na kwa mtu anayesoma lebo hilo ndilo swali lenyewe.

Nikamwomba shangazi anipeleke anakonunua. Ni duka la viungo kama mengine, na harufu ya karafuu hukupokea kabla ya mwenyewe. Akaomba rangi nyekundu. Kijana aliyekuwa akipima iliki hakuinua hata macho.

"Ya mkeka au ya kula, mama?"

Makopo mawili yalikuwa kwenye rafu moja, yameachana kama shubiri mbili. Ndani ya kila moja mna unga mwekundu ulioiva hasa, laini kama poda, na kijiko chake. Unga wa kopo la kwanza hutiwa kwenye maji yanayochemka, ukili ukazamishwa, ukatoka na wekundu usiochuja. Wa kopo la pili huishia kwenye ubuyu, achari, kashata na biriani. Niliinama nikazitazama zote mbili kwa karibu na sikuona tofauti. Kilichozitenga ni maneno mawili ya kijana yule.

Na maneno hayo yamebeba mzigo mzito. Rangi za nguo na za ukili hutengenezwa zing'ae na zisitoke. Hakuna aliyezipima kwa ajili ya tumbo la mtu. Mwaka 2024 majimbo ya Tamil Nadu na Karnataka, huko India, yalipiga marufuku zile sukari za kusokotwa kama pamba zilizotiwa rodamini B, rangi ya nguo yenye uwaridi mkali unaomvuta mtoto kutoka ng'ambo ya barabara. Waliouza hawakuwa wote watu wabaya. Neno lao la rangi lilikuwa pana kama letu.

Tangu siku ile nimelipenda jina la yule kijana kuliko yote niliyokuta kwenye kamusi. *Rangi ya chakula* humtaja wali. *Rangi ya kula* ina kitenzi, na kitenzi lazima kiwe na mtendaji: yuko mtu anayekula.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake kabisa, vinavyobeba viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi, -ekundu. Nyingine tumezitaja kwa vitu, na ukivipanga vitu hivyo utadhani uko sokoni asubuhi. Manjano ni mzizi tunaoutwanga. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda linaloacha wino mdomoni. Waridi ni ua, kijani ni jani, na hata kijivu kimetoka jikoni, kwenye jivu la mafiga. Waliotuachia maneno haya waliijua rangi kuwa sifa ya kitu. Ukitaka kuitaja, ulitaja kitu kilicho nayo, na aliyekusikia akakiona.

Kiwanda kimeigeuza njia ile. Sasa rangi huja yenyewe, kitu kikabaki nyuma. Kinywaji cha rangi ya machungwa hakidai kwamba ndani mna chungwa. Kinadai rangi tu, na sarufi yetu inakisaidia, maana rangi ya machungwa inaweza kuwa iliyotoka kwenye machungwa au inayofanana nayo. Zamani maana hizo mbili hazikuwa na haja ya kutengana, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuipata moja bila nyingine.

Na chungwa lenyewe linastahili kutazamwa. La Muheza au la Unguja likiiva aghalabu hubaki kijani kwa nje. Ganda huhitaji usiku wa baridi ili ukijani uondoke, na pwani yetu haina usiku wa namna hiyo. Umanjano wa chungwa letu hukaa ndani, huuoni mpaka umenye. Huko Florida, ambako nako kuna joto, sheria ya Marekani imekuwa ikiruhusu ganda la chungwa litiwe rangi iitwayo Citrus Red 2, isiyozidi sehemu mbili kwa milioni za uzito wa tunda, ili chungwa lifanane na jina lake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka rangi hiyo kwenye kundi la 2B, la vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani, na Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba inaanza kuiondolea kibali. Kwa muda wote huo tunda zuri, lililoiva, lilikuwa likipakwa rangi yake lenyewe.

Zafarani imepatwa na jambo la karibu na hilo. Gramu moja kavu hutaka maua kama 150, na mpishi wa harusi ya watu mia nne hana bajeti ya bustani nzima. Hununua pakiti ya rangi ya zafarani, ambayo ndani yake aghalabu mna tartrazini, au ile iitwayo Sunset Yellow, yaani manjano ya machweo. Wali hutoka umependeza. Zafarani imebaki kuwa jina la rangi, kama zambarau na kahawia, ila safari hii tofauti ni kwamba mlaji anadhani bado ni jina la kiungo.

Lugha yetu yenyewe inakiri kwa nini jambo hili linafanikiwa. Kitenzi ni kukolea. Chumvi hukolea, sukari hukolea, chai hukolea, rangi hukolea, na mapenzi pia. Lugha inayotumia neno moja kwa ladha na kwa rangi imekwisha kujua kwamba jicho huonja kabla ya ulimi. Shangazi anajua hivyo kwa hesabu ya mauzo. Siku aliyopunguza rangi, wateja walimwambia kapunguza sukari, na sukari ilikuwa ileile, kikombe kwa kikombe.

Magazetini na redioni utasikia *rangi bandia*. Neno hili nimelitumia mara nyingi katika kazi zangu na sasa najuta. Bandia kwanza ni mwanasesere, yule mtoto wa vitambaa. Kisha ni kila kinachojifanya kingine: noti bandia, cheti bandia, dawa bandia. Ndani ya neno kuna tuhuma ya kughushi. Lakini wekundu wa ubuyu ni wekundu kweli, na rangi iliyoutia, ikiwa ni ya kula, imepimwa, imeandikishwa na ina mipaka yake kisheria. Kughushi ni kitu kingine kabisa, na tunakihitaji kwa jina lake. Huko Bangladesh watafiti waliwahi kuonyesha kwamba manjano ilikuwa ikitiwa kromati ya risasi ili ing'ae, na risasi ile huingia kwenye damu ya watoto na kuwadumaza akili. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya pilipili ya unga iliyotiwa Sudan 1, rangi ya mafuta, nta na dawa ya viatu. Manjano ile na pilipili ile ndizo bandia. Tukiliweka neno hilohilo kwenye pipi iliyotimiza sheria na kwenye manjano yenye risasi, tumemnyima mama aliye sokoni nafasi ya kujua ni kipi cha kupunguza na ni kipi cha kukimbia.

Ni neno gani basi? Mjadala kama huu tumeusikia juzi kuhusu akili ya kompyuta: wako wanaosema akili bandia, wako wa akili mnemba, wako wa akili unde. *Unde* limetokana na kuunda, kitenzi cha waundaji wa majahazi, na lina heshima ya kazi ya mkono. Nikalijaribu: rangi unde. Lina sauti nzuri. Kuna pia *sanisi*, tunalolifahamu kupitia usanisinuru tulioukariri darasani. Nikamsomea shangazi yote, pamoja na la tatu, *rangi ya kiwandani*. Hakuningoja nimalize. "Hilo la kiwandani. Hayo mengine utayaelezea mwenyewe kwa wateja?" Istilahi inayohitaji mwenye nayo asimame pembeni ya kikopo haijawa istilahi bado.

Kiwanda chenyewe kilianzia kwenye homa tunayoijua sisi. Mwaka 1856, huko London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kuunda kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vilivyotolewa kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi ambalo, lilipoyeyushwa kwa spiriti, lilitia hariri rangi ya urujuani. Kutoka lami ile wakemia wakatoa rangi baada ya rangi, za nguo kwanza, kisha zikaingia kwenye siagi, peremende na mvinyo bila yeyote kuuliza. Wasomaji wa leo wakisikia lami hushtuka, maana kwetu lami ni barabara. Mshtuko huo hausaidii sana. Parasetamoli nayo hutengenezwa kwa malighafi za petroli, na tunawapa watoto tukishukuru. Kitu huhukumiwa kwa kile kinachofanya mwilini, na kwa kiasi chake.

Majina ya rangi hizo ndiyo yaliyonikeshesha. Mwaka 1907, baada ya kutunga sheria yake ya vyakula ya 1906, Marekani iliruhusu rangi saba tu kati ya nyingi zilizokuwa sokoni, na mojawapo ni nyekundu iitwayo *Amaranth*. Neno ni la Kigiriki, ua lisilonyauka, na ndilo jina la kitaalamu la mchicha. Mchicha! Ule mwekundu, ambao maji yake ya kuchemshia hugeuka kama divai, una rangi yake halisi, lakini rangi ya kopo haina hata jani moja ndani. Mwaka 1976 Marekani iliipiga marufuku baada ya mabishano marefu juu ya majaribio ya panya. Ulaya bado wanairuhusu kwenye vitu vichache sana, kwa namba E123. Nyanya yangu aliyelima mchicha maisha yake yote hakujua kwamba jina la mboga yake lilishitakiwa na kuhukumiwa.

Kuna nyingine, karmoisini, E122. Jina lake limepita Ufaransa likitoka kwenye *qirmiz*, neno la Kiarabu na Kiajemi la kidudu kilichokaushwa na kusagwa kutoa wekundu wa nguo za wafalme. Karmoisini haina kidudu. Ni ya kiwandani mwanzo mwisho. Chenye kidudu ni jirani yake, E120, karmini, inayotokana na wadudu wanaoishi kwenye mipungate, huko Peru hasa. Hiyo, kwenye lebo, ni rangi *asilia*. Neno ni la kweli, na bado mlaji Mwislamu anayejiuliza kama kidudu kile ni halali, au Mhindi asiyekula chenye uhai, atalipita neno asilia kwa moyo mweupe bila kujua alikuwa na swali la kuuliza.

Lakini la zingefuri ndilo linalonipendeza kuliko yote. Kamusi za zamani zinalo, na mti wake ni mzingefuri. Tunda lake ni kitumba chenye miiba laini kama nywele. Ukikipasua ndani mna mbegu zilizovikwa nta nyekundu, na ukizipekecha kidole hubaki chekundu mpaka unawe mara mbili. Waongozaji wa watalii kwenye mashamba ya viungo Unguja huwapaka wageni midomoni. Kwale na Lamu wakulima huiita biksa. Ndiyo E160b, inayotia umanjano kwenye siagi na jibini kwa muda mrefu sasa. Mti umetoka Amerika ya Kusini, lakini jina halikutoka huko. Zingefuri ni *zunjufr* ya Kiarabu, jiwe jekundu lenye zebaki, lililosagwa kwa wino na mapambo. Mti ulipofika pwani ulikuta jina la wekundu linangoja, ukalivaa. Kwa hiyo tunda lisilo na neno baya juu yake linaitwa kwa jina la sumu, na rangi iliyofutwa Marekani inaitwa kwa jina la mchicha.

Baada ya hapo sikuzichukia tena namba. Watu wengi huziogopa zile E, na kuna orodha nyingi zinazozunguka kwenye simu zikisema E hii ni nguruwe, ile ni saratani. E ni Ulaya tu, na namba ni kitambulisho. Kurkumini ya manjano ile tunayotwanga ni E100. Ukizipanga unaona zina sarufi: 100 hadi 109 ni manjano, 110 hadi 119 rangi ya machungwa, 120 hadi 129 nyekundu, 130 na kuendelea buluu na urujuani, 140 na kuendelea kijani. Nikaziona kama ngeli. Huhitaji kulijua neno ili ujue liko katika kundi gani. Codex Alimentarius, mpango wa vyakula wa FAO na WHO ulioanza mwaka 1963, hutumia namba hizohizo bila E. Jina linaweza kuazimwa, kurithiwa au kuibiwa. 122 ni 122, Mombasa na Muscat.

Limebaki neno ambalo watu hunijia nalo wakijua ninaandika mambo haya: je, ni salama?

Salama ndilo jibu letu la kila siku. Habari za nyumbani? Salama. Huwa na maana kwamba hakuna lililotokea. Tumelizoea hivyo, kwa hiyo tukiambiwa rangi fulani ni salama tunasikia vilevile: hakuna habari. Hata istilahi ya wizara imeyumba hapa, maana *usalama wa chakula* kuna wanaoutumia kwa chakula kisichodhuru na kuna wanaoutumia kwa nchi kutopungukiwa na chakula, ambako wengine husema uhakika wa chakula. Wataalamu wa rangi wakisema salama wana sentensi ndefu zaidi kichwani. Wanasema: kiasi hiki, kwa kila kilo ya mwili, kila siku ya maisha, kwa kadiri tulivyopima mpaka leo.

Chukua 124, nyekundu iitwayo Ponceau 4R, kwa jina la ua la Kifaransa. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula mwaka 2009 ilishusha kiasi chake hadi miligramu 0.7 kwa kilo kwa siku. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO mwaka 2011 ilibaki na miligramu 4. Mtoto wa kilo 20, basi, ana miligramu 14 kwa mizani moja na 80 kwa mizani nyingine, na watu wa pande zote mbili ni wasomi waangalifu. Nikaleta mizani ndogo ya sonara jikoni kwa shangazi. Yeye hupima kwa kijiko cha chai, kimoja kwa sufuria ya kilo tano. Nikamwomba achote mara tatu, kama anavyochota siku zote. Gramu 3.1. Gramu 4.6. Gramu 3.8. Mkono uleule, kijiko kilekile. Kwa ile ya pili, ya gramu 4.6, mtoto anayekula konzi moja, gramu 40, anameza karibu miligramu 37 za unga ule. Unga wa namna hii aghalabu huchanganywa na chumvi, kwa hiyo rangi yenyewe ni pungufu ya hapo. Lakini kama ungekuwa 124 tupu, mtoto huyo angekuwa amekwisha kuupita mpaka wa Ulaya zaidi ya mara mbili, na hajafika nusu ya mpaka wa kamati ile nyingine. Shangazi alizitazama zile tarakimu za mizani kwa muda, akakitazama kijiko chake.

"Kumbe hiki kijiko nacho kina hali yake," akasema.

Na liko suala la watoto wasiotulia. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la *The Lancet* majaribio waliyoyafanya kwa watoto 153 wa miaka mitatu na 144 wa miaka minane na tisa, waliopewa vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti. Kwa wastani watoto hao walihangaika zaidi kuliko walipokunywa kinywaji kisicho navyo, ingawa tofauti ilikuwa ndogo na haikuwa sawa kwa kila mtoto wala kila mchanganyiko. Wakaguzi wa Ulaya waliona ushahidi ni hafifu kwa kubadili viwango, lakini tangu Julai 2010 vyakula vyenye rangi sita, 102, 104, 110, 122, 124 na 129, vinauzwa huko vikiwa na onyo. Nimejaribu kulitafsiri onyo lile mara nyingi kuliko sentensi yoyote. Jaribio la kwanza lilisema *utukutu*. Nililifuta. Mtukutu ni mtoto mwenye kosa, na katika nyumba zetu neno hilo huenda sambamba na fimbo. *Utundu* lina mapenzi ndani yake lakini lawama ipo. Kinachosemwa na wazazi wenyewe ni *hatulii*, na kitenzi hicho hakimshitaki mtu. Nimekiacha hivi: huenda ikamfanya mtoto asitulie na asimakinike. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kinywaji hatapata msaada wa istilahi, lakini mama atakayesoma sentensi hii anaweza kukitazama kikombe kabla ya kumtazama mtoto.

Lebo ya shangazi ikabaki na mstari mmoja. Tulikubaliana maneno: *Imetiwa rangi ya kula, ya kiwandani*, kisha namba. *Imetiwa* tuliipigania pamoja. Yeye alihofia ingewatisha watu, nami nikasema anatia chumvi kwenye mchuzi mbele ya wageni na hakuna anayetishika. Namba ndiyo iliyokosekana, maana unga wa koponi hauna karatasi. Akarudi dukani akamwambia yule kijana anataka iliyofungwa kiwandani, yenye maandishi. Iligharimu zaidi, akalipa huku akinung'unika njia nzima. Nyuma ya kifuko, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa na 122, 124, na chumvi. Pia alinunua kijiko cha kupimia, kile cha kukwangua juu kwa kisu.

Nikamsomea namba zile. Akaniambia nirudie polepole, akazitamka nyuma yangu moja moja, mia moja ishirini na mbili, mia moja ishirini na nne, kama anayejifunza majina ya wakwe.

"Ziandike zote. Na hiyo chumvi."

Maneno hayakuenea kwenye vikaratasi nilivyokuwa nimekata. Tukavitupa, tukakata vingine vikubwa.